Kuufufua Mkorosho Mkongwe

Msafiri aendaye kusini kutoka mji wa Mtwara kuelekea mlango wa mto Ruvuma hupita Madimba, katika nchi ya mchanga ambayo mvua yake hunyesha kwa msimu mmoja tu, na kiangazi chake ni kirefu. Jina la Madimba limejulikana sana tangu mwaka 2015, ulipozinduliwa mtambo wa kusafishia gesi asilia inayopelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Lakini utajiri wa zamani zaidi wa nchi hiyo unasimama juu ya ardhi. Huo ni mkorosho. Uko mashambani, uko kando ya njia, na uko uani nyuma ya nyumba, ambako watoto hucheza kivulini na akina mama hupepeta nafaka.

Mingi ya mikorosho hiyo ilipandwa na mababu. Ni mirefu, matawi yake yameingiliana, na kivuli chake ni kizito kiasi kwamba majani hayaoti chini yake. Hata hivyo, aghalabu mti wa namna hiyo hautoi zaidi ya korosho chache zinazookotwa pembezoni. Mwenye mti husema kwamba umezeeka, naye hubaki na njia mbili mbele yake: kuukata awe na kuni, au kuuacha uendelee kutoa kivuli. Uamuzi huo si mdogo, kwa maana katika nyumba nyingi za kusini fedha za korosho ndizo zinazonunua sare za shule, mabati na chakula cha miezi ya njaa. Makala haya yanaeleza kwa nini, mara nyingi, hukumu ya uzee hutolewa mapema mno, na ni kwa njia gani mti wa namna hiyo unaweza kurudishiwa uzazi wake.

ASILI YA MKOROSHO NA MASAIBU YAKE

Mkorosho, ambao wataalamu wa mimea huuita Anacardium occidentale, ni wa ukoo mmoja na mwembe. Asili yake ni kaskazini-mashariki ya Brazili. Wareno waliuleta katika pwani ya Afrika ya Mashariki katika karne ya 16, nao ukapatana vizuri na udongo wa kichanga wa Msumbiji na kusini mwa Tanzania, kwa sababu mizizi yake hushuka chini sana na kutafuta maji ambayo mimea ya msimu haiwezi kuyafikia.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho ghafi. Baada ya hapo mavuno yalianguka mwaka hata mwaka, na kufikia msimu wa 1986/87 hayakufika hata tani 20,000. Miti haikuwa imetoweka. Iliyotoweka ni mazao yake. Wachunguzi wametaja sababu kadhaa zilizosaidiana. Watu walipohamia katika vijiji vya pamoja kati ya miaka ya 1973 na 1976, mashamba mengi yaliachwa mbali na makazi, yakaota vichaka na kuunguzwa na moto. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo, hata kazi ya kupalilia ikawa haina faida. Miti iliyopandwa karibu karibu ilikua mpaka ikazibana. Na mwaka 1979 uliandikwa kwa mara ya kwanza nchini ugonjwa wa ubwiriunga, ambao ulipata katika mashamba hayo yaliyosongamana makao mazuri kabisa.

Yafaa izingatiwe kwamba mavuno yalirudi baadaye, na katika msimu wa 2017/18 yalizidi tani 300,000. Upandaji wa miti mipya ulichangia, lakini sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilitokana na kutibiwa kwa miti iliyokuwa imekwisha kuhesabiwa kuwa haina faida. Hoja hii ndiyo msingi wa maelezo yanayofuata: katika mkorosho mkongwe kinachochoka kwanza ni matawi, wala si mizizi.

KUUPIMA MTI KABLA YA KUUHUKUMU

Daktari hampi mgonjwa dawa kabla ya kumchunguza. Vivyo hivyo, mwenye mkorosho hana budi kujibu maswali matatu kabla ya kushika shoka.

Swali la kwanza: maua yako wapi? Ikiwa mashada ya maua yanaonekana kileleni tu, na ubavuni ambako mti umegusana na jirani yake hakuna kitu, basi mti una njaa ya mwanga.

Swali la pili: maua yana hali gani katika miezi ya Julai na Agosti? Ikiwa yamefunikwa na unga mweupe, kisha yakawa ya kahawia na kukauka bila kufunga korosho, basi mti ni mgonjwa wa ubwiriunga.

Swali la tatu: shina lina hali gani? Ikiwa lina matundu yanayotoa utomvu na vumbi la mbao, mti umeingiliwa na bungua. Shina likiwa limeliwa pande zote, mti huo kwa kweli unakufa, na ni heri uondolewe pamoja na wadudu walio ndani yake. Likiwa zima, yako matumaini.

Liko pia swali la nne, ambalo hujibiwa kwa kumbukumbu za nyumbani: je, mti huu uliwahi kuzaa vizuri? Mkorosho uliozaa sana zamani unahitaji matibabu. Mkorosho ambao haukuzaa vizuri hata ulipokuwa kijana unahitaji kichwa kipya, kama itakavyoelezwa.

HESABU YA MWANGA

Mkorosho huchanua kwenye ncha za matawi yanayopigwa na jua. Majani ya ndani, yakikosa mwanga, hayawezi kutengeneza chakula cha kutosha, na matawi yake hufa polepole. Kwa hiyo eneo la kuzaa la mkorosho ni ngozi yake ya nje, yaani ule uso wa mwavuli unaoonekana kwa mtu aliye mbali. Jambo hili linaweza kupimwa kwa hesabu ya darasani.

Tuseme kipande cha ardhi kina urefu wa meta 12 na upana wa meta 12. Eneo lake ni meta za mraba 144. Ikiwa imepandwa miti minne humo, kila mmoja meta 6 kutoka kwa mwenzake, mwishowe matawi yake yatashikana na kufanya kitu kama paa moja. Mbavu zote zitakuwa gizani, na eneo linalopata jua litakuwa lile la juu peke yake, karibu meta za mraba 144 kwa miti yote minne.

Sasa tuseme kipande hicho hicho kina mti mmoja tu, ambao mwavuli wake ni nusu ya tufe lenye nusu kipenyo cha meta 6. Eneo la uso wa nusu tufe ni mara mbili ya pai, mara nusu kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe, yaani 2 × 3.14 × 36. Jawabu ni meta za mraba 226. Mti mmoja ulio huru unao uso wa kuzaa ulio mkubwa kuliko wa miti minne iliyobanana.

Ni kweli kwamba mti halisi si tufe kamili, na kwamba jua halipigi pande zote kwa nguvu sawa. Lakini hesabu hii yatosha kueleza jambo ambalo wakulima wengi huliona gumu kuliamini, kwamba kwa kung'oa miti michache ya kati mavuno ya shamba zima yanaweza kuongezeka. Ndiyo sababu wataalamu wa kilimo wanashauri nafasi ya meta 12 kwa 12, ambayo huruhusu miti 69 katika hekta moja.

Kupunguza miti hufanywa kwa kuchagua. Katika msimu wa mavuno kila mti hutiwa alama kulingana na korosho zilizookotwa chini yake. Ile dhaifu ndiyo inayotolewa kwanza, wala si ile iliyo rahisi kufikiwa. Uani, ambako pengine hakuna zaidi ya miti miwili au mitatu, kazi huwa ni kupogoa: kuondoa matawi yaliyokufa, matawi yanayolala juu ya paa au kuburura chini, na yale yanayosuguana na ya jirani. Kazi hiyo hufanywa baada ya mavuno, ili mti upate mvua za kujijenga upya kabla ya maua ya mwaka unaofuata.

UGONJWA UPENDAO VITU VICHANGA

Ubwiriunga husababishwa na kuvu iitwayo kwa kawaida Oidium anacardii. Kuvu hii haiwezi kuishi juu ya kitu kilichokufa. Ni lazima iwe juu ya seli zilizo hai, na hupenda zile zilizo changa. Vijimbegu vyake, ambavyo ni vidogo mno kuonekana kwa macho, huchukuliwa na upepo. Kijimbegu kikitua juu ya jani changa au ua, huota na kupenyeza kijimzizi ndani ya seli, kikafyonza chakula. Baada ya siku chache uzi wa kuvu hutoa vijimbegu vingine kwa wingi, na huo ndio unga mweupe unaoonekana.

Bahati mbaya ya mkorosho ni kwamba huchanua katika miezi ya baridi. Usiku wa Juni hadi Septemba huko pwani ya kusini una ubaridi na umande, na mvua ya kuosha unga huo hakuna. Shamba likiachwa bila tiba, ugonjwa unaweza kuangamiza sehemu kubwa ya maua, na pengine yote.

Swali ambalo mwanafunzi wa sayansi angeuliza ni hili: kuvu isiyoweza kuishi pasipo seli changa huishi wapi wakati ambapo mkorosho hauna maua? Jawabu linapatikana ndani ya mti wenyewe. Katika kivuli cha mwavuli mzito, maotea laini huchipuka kwenye shina na matawi makubwa mwaka mzima. Huko hakuna jua kali, hewa ni nzito, na kuvu hupata chakula kidogo cha kuivusha hadi msimu wa maua. Kwa hiyo mtu anayekata maotea ya ndani kabla ya maua hayuko katika kazi ya kupamba mti. Anaondoa ghala la ugonjwa. Kazi hii haihitaji fedha, ila panga kali na uangalifu. Manufaa yake huwa makubwa zaidi majirani wakiifanya kwa pamoja, kwa kuwa vijimbegu havijui mipaka ya viwanja.

Dawa iliyookoa zao hili ni salfa, ambayo Waswahili wa zamani waliijua kwa jina la kibiriti upele. Historia yake ni ndefu. Mwaka 1845, katika mji wa Margate nchini Uingereza, mtunza bustani aitwaye Edward Tucker aliona unga mweupe juu ya mizabibu. Kuvu ile, jamaa ya ile ya mkorosho, ilienea Ufaransa, na mwaka 1854 mavuno ya zabibu huko yalikuwa yameshuka vibaya. Unga wa salfa ndio uliorudisha mashamba yale, na hadi leo wenye mizabibu duniani wanautumia. Zaidi ya karne moja baadaye unga ule ule ulipulizwa juu ya mikorosho ya Mtwara na Lindi.

Salfa huzuia vijimbegu visiote. Haiwezi kurudisha ua lililokwisha kukauka. Kwa sababu hiyo ni lazima itangulie ugonjwa. Kipimo kilichozoeleka ni robo kilo kwa mti mkubwa kila mara, tangu mashada ya kwanza yanapotokeza, na kurudiwa kila baada ya siku 14, hadi mara tano. Jumla yake ni kilo moja na robo kwa msimu. Kazi hufanywa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na umande ungali juu ya majani, ili unga ushike. Anayepuliza sharti azibe pua na mdomo na kuyalinda macho yake, kwa kuwa vumbi hilo huwasha macho na mapafu. Nyumbani, watoto na vyombo vya chakula viondolewe kwanza, na kisima kifunikwe. Ikumbukwe pia kwamba salfa hugeuka asidi katika udongo, na udongo wa kichanga hauna nguvu kubwa ya kuipinga. Kwa hiyo kupuliza kupita kiasi ni hasara kwa mfuko na kwa ardhi pia. Siku hizi zipo pia dawa za maji, nazo hutumika kwa ushauri wa bwana shamba.

KUUPA MTI KICHWA KIPYA

Ikiwa shina ni zima, lakini mti haujapata kuzaa vizuri maishani mwake, kupogoa na kupuliza hakutausaidia sana. Sababu yake imo katika mbegu. Ua la mkorosho hupokea chavua kutoka miti mingine, kwa hiyo kila mbegu ni mchanganyiko mpya, na mtoto wa mti mwema si lazima awe mwema. Ndiyo maana katika shamba lililopandwa kwa mbegu hupatikana miti michache inayozaa sana kando ya mingi inayozaa kidogo.

Dawa ya kasoro hii ni kubebesha. Baada ya mavuno, shina hukatwa kwa msumeno kimo cha nusu meta hadi meta moja kutoka ardhini. Mkato huwa wa mshazari ili maji ya mvua yasituame, na jeraha hupakwa dawa ya shaba ya kuzuia kuvu. Hapo ndipo uzima wa mizizi unapodhihirika. Chini ya gamba la shina kuna macho yaliyolala, ambayo yalikuwa yamezuiwa kuchipuka na homoni inayoshuka kutoka kwenye ncha za matawi. Ncha zikiondolewa, kizuizi huondoka. Mizizi yenye akiba ya wanga, ambayo jana ilikuwa ikiulisha mti mzima, sasa inalisha machipukizi machache, nayo hukua kwa nguvu ambayo mche mchanga hauwezi kuwa nayo.

Baada ya majuma kadhaa huchaguliwa machipukizi imara, yenye unene wa kalamu ya risasi, yaliyozunguka shina pande zote. Kisha hutafutwa vikonyo, yaani vijiti vya ncha za matawi kutoka mti ulio bora, vyenye unene ule ule na macho yaliyoanza kuvimba. Kichwa cha chipukizi hukatwa na kupasuliwa katikati. Kikonyo huchongwa kama kabari na kutiwa katika ufa huo, gamba likikutana na gamba angalau upande mmoja, kwa kuwa ni hapo tu, katika tabaka jembamba la kambiamu lililo chini ya gamba, ndipo seli hugawanyika na kuunganisha miili miwili. Kiungo hufungwa kwa utepe wa plastiki, na kikonyo hufunikwa kwa mfuko mwembamba kisikauke. Kikishika, macho hufunguka baada ya majuma matatu au manne.

Mti uliobebeshwa hivyo huweza kuanza kuzaa katika mwaka wa pili au wa tatu. Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, kilicho karibu na mji wa Mtwara, kimechagua kwa miaka mingi aina za mikorosho zenye mazao mengi na korosho kubwa, na hapo ndipo wakulima wa kusini wanapoweza kuulizia vikonyo vya kuaminika. Penye umbali, mti bora wa kijijini, ambao mavuno yake yamepimwa kwa misimu kadhaa, ni chanzo kinachofaa.

WALINZI NA MAADUI

Kisiki kilichokatwa huwavuta bungua. Kwa hiyo ni lazima kikaguliwe kila juma, na funza wanaoonekana katika matundu wachokolewe kwa waya. Machipukizi nayo hushambuliwa na mbu wa mikorosho na mbu wa minazi, wadudu wafyonzao ambao huacha madoa meusi na ncha zilizokauka.

Maadui hawa wana adui wao, naye ni maji moto, chungu mwekundu ashonaye majani kuwa kiota. Watu humchukia kwa kuwa huuma, hata wengine humchoma moto kabla ya mavuno. Lakini mkorosho wenye maji moto wengi huwa na mbu wachache, kwani chungu hao huwawinda usiku na mchana. Aliye na viota katika mti wake ana ulinzi usiogharimu kitu.

KUGAWA HASARA

Kubebesha kuna gharama ambayo haifai kufichwa. Mti uliokatwa hautazaa mwaka huo, na mwaka unaofuata mavuno yake huwa kidogo au hayapo. Familia inayokata miti yake yote kwa siku moja inajiondolea mapato ya misimu miwili, na haitasaidiwa na ahadi ya msimu wa nne ikiwa ada ya shule inatakiwa leo. Kwa hiyo kazi igawanywe. Mwenye miti 12, mathalani, anaweza kukata minne iliyo mibaya zaidi mwaka wa kwanza, akapogoa na kupuliza minane iliyobaki. Mwaka wa tatu, ile minne itakapoanza kutoa, hukata mingine iliyo hafifu. Baina ya visiki, jua lililoruhusiwa kuingia hutosha kwa kunde, karanga au njugu mawe, na kuni za matawi yaliyokatwa hutumika nyumbani au kuuzwa. Mti uzaao vizuri usikatwe kwa sababu tu ya umri wake.

KAZI ZA KUFANYA SHULENI

1. Chagueni mikorosho mitano karibu na shule. Pimeni umbali baina ya mti na mti, na nusu kipenyo cha kila mwavuli. Kwa kila mti, kadirieni ni sehemu gani ya uso wake inayopata jua saa sita mchana na saa kumi alasiri.

2. Mwezi Julai, hesabuni mashada 20 katika kila mti, manne kutoka kila upande na manne kutoka juu. Andikeni mangapi yana unga mweupe. Je, upande wenye kivuli una ugonjwa zaidi? Rudieni kila baada ya siku 14 na mchore grafu.

3. Kateni maotea ya ndani ya mti mmoja mwezi Mei, na muuache mwingine ulio sawa nao bila kukatwa. Linganisheni hali ya maua yao. Elezeni kwa nini mti mmoja wa kila aina hautoshi kuthibitisha jambo, na ni mingapi ingefaa.

4. Waulizeni wazee wa kijiji ni mti upi ulizaa kuliko yote, na tangu lini. Wekeni daftari la mavuno ya mti huo kwa misimu mitatu mfululizo. Daftari kama hilo ndilo linaloonyesha ni mti upi unastahili kutoa vikonyo kwa ajili ya mingine.